Kiti Kinachosogea

Mzee Pima hakujua kuendesha gari, na wala hakulionea haya jambo hilo. Miaka kumi na mmoja mkewe alimpeleka na kumrudisha, yeye amekaa kiti cha abiria, futi ya kupimia imening'inia shingoni utadhani hata barabarani atakutana na mteja. Jina la Pima alibandikwa kwa sababu hakukata kitambaa kabla ya kukipima mara tatu. Mkewe alikuwa mfupi, mwepesi wa ulimi, na kila asubuhi alimwambia, "Funga mkanda, fundi. Leo nakupeleka mwendo wa bibi harusi."

Sasa mkewe ana wiki saba kaburini, na mzee ana siri.

Kila mchana, bintiye akiwa kazini, mzee huchukua ufunguo kwenye bakuli la mezani, huingia garini kwa mlango wake uleule wa abiria, hunyoosha mkono na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Hapo kiti cha dereva, kitupu vilevile, husogea mbele chenyewe. Ni gari la haibridi, la petroli na umeme, na lina mambo yake: likizimwa, kiti hurudi nyuma ili dereva ashuke kwa nafasi; likiamshwa, huenda mbele mpaka pale alipokiweka mwenyewe. Na mkewe alikiweka mbele kwelikweli, karibu aukumbatie usukani. Kiti kikishatulia, mzee hufunga mkanda, akaanza kutoa habari za siku: kola iliyomsumbua, mteja aliyenenepa halafu akamlaumu fundi. Msibani hakutoa chozi, watu wakamsifu kwa moyo mgumu. Hawakujua kwamba machozi yote ameyapeleka garini.

Jumamosi moja bintiye alitaka kumpeleka kliniki ya macho. Alifungua mlango wa dereva, akainama, akabonyeza kitufe. Taa za dashibodi zikafifia, zikapepesa, gari likanyamaza. Binti huyu ni mrefu, kachukua upande wa baba, na subira hana. Hakungoja hata baba yake avae viatu, akampigia simu fundi umeme wa magari wa mtaa wa pili.

Fundi alikuja na betri mpya begani. Alifungua buti, akakunja zulia, akagusisha mita kwenye betri ndogo iliyojificha pembeni.

"Betri kubwa ni nzima, imejaa tele," alisema. "Iliyochoka ni hii ndogo. Kazi yake ni kuamsha gari tu, lakini bila yeye hata hiyo kubwa haina la kufanya."

"Gari halijatembea tangu mama alazwe," binti alisema.

"Kukaa ni sababu, lakini hii imeliwa." Fundi aliinua uso. "Kuna mtu anabonyeza kitufe bila kukanyaga breki? Ukifanya hivyo redio inaimba, taa zinawaka, lakini gari halijawaka. Betri ndogo inaliwa peke yake, kubwa haimsaidii."

Mzee Pima alihisi masikio yanawaka moto. Ukikaa kiti cha abiria, mkono unakifikia kitufe. Mguu haufiki kwenye breki hata ungekuwa twiga.

"Nani aliguse?" alisema. "Mimi hata kuendesha sijui."

Uongo huo ulimtoka haraka, nao ukafunga mlango nyuma yake.

"Basi," fundi alisema, huku akichagua spana. "Kuna umeme kidogo bado umebaki, kwa hiyo gari halijasahau mambo yake. Nikichomoa, litasahau: saa, stesheni za redio, mahali pa viti. Kama kuna kitu mnakitaka, naweza kulishikilia kwa betri yangu nyingine, iko dukani. Ni kwenda na kurudi."

"Hakuna kitu," binti alisema. "Tumeshachelewa. Badilisha tu."

Mzee alifungua mdomo. Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imeishia hapohapo: akisema kiti, ataulizwa amejuaje, akijibu, itajulikana kwamba mtu mzima mwenye wajukuu huongea na kiti kila mchana. Akashika futi yake kwa mikono miwili. Spana ikazunguka mara tatu, waya ukachomoka.

Betri mpya iliwekwa, nati zikakazwa. Fundi aliingiza mguu, akakanyaga breki, akabonyeza. Gari likawaka bila kelele, taa zote zikang'aa.

Kiti hakikusogea.

"Zima," mzee alisema. "Washa tena."

Fundi alizima, akawasha. Saa ilionyesha saa ambayo si saa, na kiti kilikaa kulekule nyuma.

Mzee Pima aliegemea mlango, akalia, kilio cha wiki saba mbele ya watu. Akasema yote: kitufe, mkanda, habari za kola.

"Baba, mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Kwamba naongea na kiti?"

Fundi alivua kofia. "Nisamehe, mzee wangu," alisema, ingawa kosa halikuwa lake. Akaanza kukusanya spana zake.

Binti alifuta uso, akaingia kiti cha dereva. "Haya, nioneshe. Kilikuwa wapi?"

Mzee alivua futi shingoni. Mwili wa mkewe aliujua kwa inchi. Alimshonea miaka arobaini. Kwa vipimo hivyo alipima toka kiti mpaka breki, nyonga hadi kisigino, na toka kiti mpaka usukani, bega hadi kiganja, naye binti akasogeza kiti kidogo kidogo.

"Magoti yanagonga usukani, Baba."

"Bado. Mbele."

Binti alisogeza tena, akabanwa kabisa, akaweka mikono juu ya usukani. "Sikujua Mama alikuwa mdogo hivi," alisema. "Siku zote namwona mkubwa."

Fundi aliwaonyesha kitufe cha kuhifadhi mahali pa kiti. Wakazima gari, kiti kikarudi nyuma, binti akajikwamua, akasimama nje. Mzee akazunguka mpaka mlango wake, akaketi, akafunga mkanda, akanyoosha mkono na kubonyeza. Kiti kilisogea mbele, kikasimama.

"Ni hapo?" bintiye aliuliza dirishani.

Mzee Pima alikitazama kiti. Akanyoosha futi mpaka kwenye usukani, akaikunja, akainyoosha tena.

"Ama kimezidi kidogo, ama kimepungua kidogo," alisema. "Sijui, mwanangu. Yeye nilimpima. Hapa alipokuwa anakaa sikuwahi kupapima."