Pakiti Mbili kwa Kila Mtu

Zamani, sukari ya kijiji cha Kanja ilikuwa na harufu ya gazeti. Dukani kwake, Phyllis alikunja kipande cha gazeti kikawa kama pembe, akakijaza, akakiweka kwenye mizani, kisha akaongeza kidogo juu kwa ajili ya mtoto aliyetumwa. Mafuta ya kupikia aliyachota kwenye debe. Mkate aliukata katikati kwa asiyehitaji mzima. Rafu zilijengwa na marehemu mume wake, Mbaka, na hadi leo ziliinama upande mmoja, kama yeye alivyokuwa akitembea.

Sasa rafu zilikuwa tupu. Tangu supamaketi kubwa ifunguliwe mjini Embu, majirani walirudi na mifuko iliyojaa, wakapita mbele ya duka wakitazama upande wa pili wa barabara. Phyllis hakuwalaumu, ila alikumbuka walivyokuwa wakisimama. Kisha muuzaji wa jumla akaacha kumletea mzigo, akisema safari hailipi. Bila sukari, hakuna mteja. Phyllis aliona kwamba mwezi ukiisha atafunga duka.

Jumamosi moja alijifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, akaenda kwenye supamaketi hiyo hiyo. Alikuwa amesikia sukari iko kwenye ofa, tena kwa bei ya chini kuliko ya jumla. Akajaza toroli ili akauze dukani kwake.

Alipokata kona, akakutana ana kwa ana na Igoki, rafiki yake tangu wakiwa wasichana wa kwaya. Igoki akageuka haraka, akakazia macho chakula cha paka.

"Igoki, tangu lini una paka?"

"Phyllis! Mimi nilikuja tu kuona taa." Alificha kikapu nyuma ya sketi. Kisha akaiona toroli. "Na wewe? Hiyo yote ni ya chai?"

"Ni ya duka."

"Unanunua huku ukatuuzie kule?"

"Sasa niwauzie nini? Hewa?"

Walitazamana, wakacheka mpaka bawabu akageuka.

Kwenye malipo, msichana aliyeitwa Caroline alimwambia kwa upole, kama anayesema na nyanya yake, "Cucu, pole. Ofa ni pakiti mbili kwa kila mtu. Hizi zingine nitazirudisha."

Phyllis alishika ukingo wa toroli. Pakiti mbili hazingejaza hata pembe moja ya rafu ya Mbaka. Nauli ilikuwa imekwenda bure, na duka pamoja nayo.

Mkono ukapita kando yake, ukachukua pakiti mbili. Ulikuwa wa Igoki.

"Hizi ni zangu," alisema. Kisha akapaza sauti kuelekea kwenye sabuni. "Kivuti! Acha kujificha, kofia yako naijua! Njoo na mke wako!"

Kivuti akatokea ameinamisha kichwa, Ciakuthii nyuma yake. Nyuma yao wakatoka wengine wa Kanja, mmoja mmoja, kama watoto waliokutwa kwenye miwa ya watu.

"Mama Mugendi," Kivuti alianza, akimtazama Phyllis, "sisi tulikuwa tu..."

"Chukua mbili, upange laini," Igoki akamkatiza. "Aibu utaiona njiani."

Caroline alitazama ile laini ya wazee, akafunika mdomo asicheke. "Kila mtu mbili," alisema. "Wakubwa hawakusema za nani."

Jumatatu asubuhi Phyllis alipanga pakiti zote, rafu ikalia kidogo kwa uzito. Igoki ndiye aliyefika kwanza.

"Nipimie robo."

"Wewe si ndiye uliyeibeba kutoka Embu?"

"Niliibeba. Lakini kule hawana nyongeza."

Phyllis akatafuta gazeti, akakunja pembe. Vidole vilikuwa havijasahau. Akafungua pakiti, akapima, akaongeza kidogo juu, halafu akaongeza tena.

"Hiyo imezidi," Igoki alisema.

"Nyamaza, ubebe."

Igoki akaikumbatia pembe ile kifuani. Mlangoni akageuka. "Jumamosi tunatoka saa ngapi?"