Mechi Moja Moja

Nikiwasha mashine ya gemu siku hizi, kitu cha kwanza kuangalia ni kama kaka yangu ameshacheza zamu yake.

Utotoni tulikuwa na padi moja ya kuchezea, na televisheni ambayo haikutulia mpaka ipigwe kofi ubavuni. Mama alimaliza ugomvi wetu kwa amri moja: mechi moja moja, halafu unampa mwenzako, ushinde usishinde. Timu tuliiita Jikoni FC, na wachezaji tukawapa majina yetu. Mimi nilikuwa Pilipili, mshambuliaji, kwa sababu ya mdomo wangu. Kaka alikuwa Kobe, winga, maana hajawahi kuwahi popote. Golini tulimweka Mama, kwa kuwa nyumbani hata biskuti haikumpita. Jamani, tulicheka sana siku zile.

Tulipokua, gemu zikahamia kwenye akaunti. Nikafungua moja, tukaiunda timu yetu upya humo, na kaka alipohamia mji mwingine kufunga intaneti kwenye nyumba za watu, nikampa neno la siri. Mimi mechi moja, yeye mechi moja, kama zamani.

Kisha Mama akafariki. Kaka alifika tumeshatoka makaburini, wageni wamekaa uani na sahani mapajani, nami nikamwuliza mbele ya watu wote, "Umekuja kula?" Basi lake lilikuwa limeharibika njiani, hilo nililisikia baadaye kwa shangazi. Aligeuka na begi lake begani, hata kiti hakukalia. Miaka mitatu ikapita hatujapigiana simu. Nilijuta kila siku, ila mimi kujishusha ni kazi.

Ikabaki timu. Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji, na niliporudi nyumbani nilimkuta Pilipili yuko benchi. Nilifura kwa hasira. Halafu nikaelewa kuwa shangazi amemwambia, na kwamba kaka ananipumzisha. Nililia pale pale kwenye kochi.

Sasa mwaka huu ikaja barua pepe ya kampuni ya gemu. Kuanzia mwisho wa mwezi, akaunti ni ya watu wa nyumba moja tu. Anayetaka kubaki aunganishe mashine yake na intaneti ya nyumba hiyo angalau mara moja kila siku thelathini, la sivyo ataondolewa. Niliisoma kazini, kwenye duka la miwani, nikaishia kukata lenzi ya mteja mviringo wakati fremu yake ni ya pembe. Nani kawaambia hawa nyumba yetu ni ipi? Kobe akiondolewa, nitajuaje kama ndugu yangu ameamka salama?

Nilishika simu nimpigie, nikaiweka. Nikaishika tena, nikaiweka. Mwishowe niliingia kwenye mipangilio ya timu, nikafuta jina la Jikoni FC, nikaandika: NJOO NA MASHINE. Nikacheza mechi yangu roho juu, nikafungwa tatu bila.

Kesho yake timu ilikuwa imeshinda, na jina lake lilikuwa LINI.

JUMAMOSI SAA NNE, nikaandika.

Alifika saa sita kasoro. Nilimwona kwa dirisha la jikoni akihangaika na komeo la geti, mashine kaikumbatia ndani ya taulo, kichwa kimeanza mvi. Maneno yakanijaa mdomoni. Nikayameza.

"Umekula?" nikamwuliza.

Alisimama mlangoni. "Bado, Pilipili."

"Pita basi, Kobe. Chakula kimeshapoa kwa ajili yako."

Baada ya kula nilimpa simu yangu aione ile barua. Aliisoma taratibu mpaka mstari wa mwisho, akanirudishia. "Itabidi niwe nakuja kila mwezi," akasema. Kuunganisha mashine kulichukua dakika mbili, naye akakaa mpaka jioni. Padi zilikuwepo mbili, lakini tulitumia moja.

Tangu hapo anakuja kila mwezi, na saa nne yake ni saa sita. "Nisipokuja watanitoa," husema akivua viatu.

Wiki iliyopita nilimsimulia daktari wa macho wa pale dukani, ambaye hucheza gemu na binti yake aliye mbali. Akanishangaa.

"Kaka yako anasafiri nusu siku kwa ajili ya hilo? Mbona wanatuma namba kwenye simu, unamsomea, mmemaliza? Imeandikwa kwenye barua, mwishoni kabisa."

Nilikwenda kuifungua. Kweli, mstari wa mwisho.

Jumamosi kaka alifika, saa sita na robo, jasho linamtiririka. Nikampokea mashine, nikaanza kuifungua taulo.

"Nisipokuja watanitoa," akasema, ameinamia viatu vyake.

"Watakutoa kweli," nikamwambia.