Mlango wa Chumba cha Pasi

Kiwandani walimwita Mama Dosari, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa ya mwisho kabisa: shati likishashonwa, likatiwa vifungo na kupigwa pasi, lilimpitia yeye kabla ya kuingia kwenye boksi la kwenda ng'ambo. Alilikagua nje, akaligeuza, akalikagua ndani, na penye kosa akabandika stika ndogo nyekundu. Stika zilikaa mfukoni mwa aproni, na mkono wake ulishazoea kubandika kabla kichwa hakijaamua. Mumewe aliwahi kwenda kikao cha wakwe na stika nyekundu kwenye kola. Alirudi amenuna, na alinuna siku mbili.

Meneja wa kiwanda alikuwa shemeji yake, mdogo wake huyo mume. Ndiye aliyemtafutia kazi yeye na binti yake wa pekee, na binti akapangiwa chumba cha pasi, kule nyuma. Na huko nyuma ndiko kulikokuwa na dosari ya kweli, si ya vifungo. Mlango wa dharura wa chumba hicho ulifungwa kwa nje kwa kufuli tangu siku mashati arobaini yalipoota miguu. Ufunguo alikaa nao meneja. Humo walifanya kazi wasichana kumi na wanane kati ya mitambo miwili ya mvuke, na moto ukizuka, njia ya kutokea ilikuwa moja tu, kupita katikati ya marobota ya vitambaa mpaka mlango wa mbele. Mama Dosari alishamwambia shemeji yake mara tatu. Mara zote tatu alijibiwa, "Tutaliangalia, shem," na kufuli likaendelea kuangaliwa.

Kisha ikaja habari kwamba mnunuzi wa ng'ambo anamtuma mkaguzi. Safari hii si wa mashati, bali wa watu: aje aone wanaoyashona wanatendewaje. Kiwanda kikionekana kibaya, oda inahama, na watu mia mbili na sitini wanarudi nyumbani kukaa.

Basi wiki hiyo kiwanda kilipendeza, usiseme. Sabuni ilionekana chooni, watu wakawa wanakwenda kuitazama hata wasio na haja. Mitungi ya kuzimia moto iliazimwa kwa fundi magari wa jirani, kwa sharti irudi Ijumaa. Mlango wa nyuma ukapakwa rangi ya kijani. Meneja akawakusanya wote akawafundisha majibu.

"Mnapumzika mchana?"

"Tunapumzikaaa!"

"Mlango wa nyuma?"

"Uko wazi saa zoteee!"

"Vizuri. Ndugu zangu, funika kombe mwanaharamu apite. Na mtu asimwage mtama penye kuku wengi."

"Na mwanaharamu akishapita," aliuliza fundi cherehani mmoja mwenye mvi, "sabuni inabaki?"

Watu waliangua kicheko. Meneja alijifanya hakusikia.

Ilibidi pia iwepo kamati ya wafanyakazi. Iliundwa Jumanne saa nane, na kufika saa kumi ilikuwa imeshafanya vikao kumi na viwili vya mwaka mzima, vyote kwa kalamu moja. Mama Dosari aliteuliwa mwenyekiti. Alipopewa daftari la kumbukumbu asaini, alivaa miwani akaanza kulipekua.

"Shemeji, kikao cha mwezi wa pili mmekifanya tarehe thelathini."

"Eh?"

"Mwezi wa pili hauna thelathini. Na huu wa tano nimefungua kikao mimi, wakati mwezi wa tano nilikuwa nimelazwa na mguu. Nilifungulia wodini?"

Meneja aliandika upya kijasho kikimtoka, akimshukuru. Tusimsingizie ushujaa mama wa watu: uongo aliukubali. Watu mia mbili na sitini si mchezo, na shemeji ni shemeji. Ila hata uongo hakuweza kuuachia utoke na mshono mbovu.

Alhamisi mkaguzi akafika, msichana mpole mwenye mkoba mzito na fomu nene mkononi. Meneja alimtembeza, mwenyekiti wa kamati akifuata nyuma kama itifaki ilivyotaka. Msichana alihesabu mitungi akaandika. Aliwauliza watu kama wanapumzika, nao wakaitikia kwa pamoja, hata aliyekuwa hajaulizwa. Akaandika. Walipofika chumba cha pasi, aliusukuma mlango wa dharura kwa vidole viwili. Ukafunguka kwa nje bila hata kulia, ukaenda kuegemea ukuta, jua likaingia.

"Vizuri sana," alisema, akaandika, akageuka kuondoka.

Mama Dosari alihisi damu inapanda. Hasira yake haikuwa ya haki wala ya sheria, ilikuwa ya kazi. Miaka tisa amekagua mashati, hajawahi kulipitisha shati kwa kuliangalia upande mmoja! Msichana huyu anapewa tikiti ya ndege, analazwa hotelini, halafu anakagua mlango bila kuugeuza? Kabla hajajizuia, alishatoka nje, akauvuta mlango kutoka ukutani, akautazama mgongo.

Naam. Fundi rangi alikuwa ameupaka kufuli likiwa bado linaning'inia. Kila mahali kijani kibichi, ila pale penye komeo palibaki kutu yenye umbo la kufuli, limekaa sawasawa kama limechorwa. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka, ukabandika.

"Mama," mkaguzi alikuwa amerudi, "hii stika ni ya nini?"

Wasichana waligeuza shingo, mitambo ikawa inahema peke yake.

"Huyu ni shemeji yangu," meneja aliwahi, akicheka kicheko kikavu. "Ana utani sana. Rangi hiyo, rangi haijakaa vizuri. Si ndiyo, shem?"

Na kweli rangi haikukaa vizuri. Angeitikia tu, asingekuwa hata amesema uongo, na mambo yangekwisha. Mama Dosari aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani. Kisha akatazama ndani. Binti yake alikuwa amesimama na pasi mkononi, hapigi pasi kitu, anamtazama yeye.

"Hapo hukaa kufuli," alisema.

"Lini?"

"Kila siku isipokuwa leo."

"Shemeji, umetumaliza!" Meneja alishika kichwa. "Umetumaliza watu mia mbili na sitini!"

"Humu ndani yumo mwanao. Anakuita baba mdogo tangu hajaota meno. Kama mtoto wa kaka yako si wako, sema hapa hapa, mbele za watu, nikamwambie kaka yako."

Meneja aliteremsha mikono kutoka kichwani. Alipoongea tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Yakipotea mashati mengine arobaini, nafukuzwa mimi. Hilo nani ananikagulia?" Akalitoa kufuli mfukoni, ambalo kutwa nzima lilikuwa likiivuta suruali yake upande, akaliweka juu ya meza ya pasi.

Mkaguzi aliandika muda mrefu. Alipomaliza, Mama Dosari alinyoosha mkono. "Haya binti, na mimi lete hiyo fomu yako niikague."

Msichana alipigwa na butwaa, lakini akampa. Mama Dosari aliipekua mbele, akaigeuza, akaipekua nyuma.

"Maswali themanini na manne. Yote meneja, meneja, meneja. Mwezi uliopita hao waliokutuma walileta oda ya siku thelathini, katikati wakaitaka kwa siku kumi na nane, na bei ile ile. Tukashona Jumapili tatu. Hilo limeandikwa ukurasa gani?"

"Kwa kweli, mama, hakuna ukurasa huo."

"Nyani haoni kundule," alisema Mama Dosari, na stika ya pili ikatua kwenye jalada, juu kabisa ya jina la mnunuzi. Wasichana wa pasi walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mkaguzi naye alijitahidi kununa, ikamshinda.

"Sitaibandua," alisema. "Itakwenda hivyo hivyo."

Oda haikuhama. Kiwanda kilipewa siku sitini za kurekebisha, mlango ukitangulia, na mkaguzi akasema atarudi bila kutaja siku. Huko ng'ambo waliifanyia nini ile stika, hakuna ajuaye. Fundi magari alichukua mitungi yake Ijumaa, na meneja akalazimika kununua ya kiwanda, akilalamika njia nzima.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ile jioni, Mama Dosari alirudi nyumbani kwa miguu na binti yake, wenzao wakiwa mbele na nyuma. Njia nzima alisimulia upya jinsi alivyomweza shemeji, jinsi alivyoikagua fomu. Binti alitembea akiangalia miguu yake.

"Hatua sitini na moja," binti alisema ghafla.

"Za nini?"

"Kutoka meza yangu mpaka mlango wa mbele. Kila asubuhi nilikuwa nazipiga nimefumba macho, nikipapasa marobota. Moshi ukijaa huoni kitu, mama, lazima miguu ijue."

Mama Dosari alisimama. Uzi uliochomoza upana wa ukucha aliuona kutoka mbali, na kwa miezi kumi na moja, tangu kufuli litiwe, alikuwa akila meza moja na mtoto huyu bila kuona kwamba anaogopa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanyaje? Usingelala. Halafu asubuhi tungeamka twende kazini, wote wawili."

Mama akamshika mkono, akamvusha barabara, na binti wa miaka ishirini na miwili, mbele ya wenzake wote, hakuutoa.