Kisogo cha Mbuke

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi. Makoye aliijua hata dakika, kwa sababu alikuwa juu ya ngazi anamalizia kichwa cha mwanamume mwenye kiduku kwenye ukuta wa kinyozi, na redio ya ndani ilikuwa imetoka kutaja saa. Ngazi ikatikisika, brashi ikateleza, sikio la yule mwanamume likawa refu kama la punda. Nyuma ya kilima kifusi cha machimbo kilikuwa kimeporomokea shimo namba saba. Mdomoni mwa shimo hilo Mbuke, mke wake, alikuwa amekaa na nyundo anaponda mawe, kama alivyofanya kila siku tangu wahamie huko Geita kutoka Didia.

Viongozi wa machimbo walileta kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimbia. Daftari la zamu lilikuwa na majina matatu ya wanaume. Kijiko kikachimba Jumanne nzima na Jumatano, kikamtoa wa kwanza, wa pili na wa tatu, na Jumatano saa tisa alasiri kikazimwa. Makoye akamfuata mwenyekiti wa machimbo, mtu mmoja aitwaye Magesa, akamwambia mke wangu bado yuko chini. Magesa akafungua kanuni. Kanuni ilikataza wanawake kukaribia shimo, kwa hiyo shimoni hapakuwa na mwanamke. Makoye akasema kanuni hiyo haikuwazuia kumpondesha mawe miaka miwili. Akaambiwa arudi nyumbani akasubiri, huenda mama ameenda kwao Kishapu kusalimia.

Makoye aliishia darasa la nne, na hilo lenyewe hakulimaliza. Lakini kuhesabu mpaka nne alikuwa anajua. Aliwachukia wale watu kuanzia siku hiyo, mmoja mmoja na kwa ujumla wao, akaendelea kuchora.

Kazi yake ilikuwa vichwa vya saluni. Barabara nzima vilikuwa vyake, na vyote vilitazama kushoto, kwa sababu alijifundisha mwenyewe na mkono wake haukujua upande mwingine. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Mwezi wa sita ndipo kinyozi kijana, Nasibu, alipotaka ukuta mpya. Wachimbaji vijana walikuwa wanashinda kwenye simu wakitazama katuni za Kijapani, kisha wanakuja kudai nywele zile. Nasibu akamwonyesha Makoye kwenye simu: macho makubwa kama visahani, pua nukta tu, nywele zimesimama kama mkonge. Alizitaka kwa pande zote, mbele, ubavuni na nyuma, ili mtu akikaa kitini ajue anachokwenda kupata.

Makoye akasema hiyo si kazi, huo ni ugonjwa. Lakini binti yake Salome, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa na daftari zima la vichwa vya namna hiyo, na ndiye aliyemfundisha. Unachora mviringo. Unapitisha mstari wa kati na mstari wa macho, nayo imepinda, kama kamba iliyofungwa kwenye mtungi. Kichwa kikiinama, mistari inashuka. Kikitazama juu, inapanda. Nywele hazianzi kwenye paji la uso, zinaanza utosini, na zinakaa nje ya fuvu kwa sababu zina unene wake.

"Baba, wewe unachora kofia," Salome alimwambia. "Nywele zinaota."

Kichwa cha kwanza alikichora Jumamosi, cha ubavuni. Alikusudia kijana yeyote tu, mkono ukamtoa Mbuke, na lile paji lake pana. Nywele alizipaka buluu kwa sababu Nasibu alikuwa na kopo la buluu lililobaki alipopaka mlango.

Jumatatu asubuhi Mbuke alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anakata viazi vya michembe, vile vya kuanika juani viwekwe akiba. Alitazama kushoto. Nywele zake zilikuwa buluu na zimesimama. Salome akamwamkia, shikamoo mama, akaenda kusukutua. Makoye akazunguka aje mbele yake, akamkuta anatazama kushoto. Akazunguka upande wa pili, kushoto tena. Kokote ulikosimama, ulipata ubavu uleule. Jirani yao Paskalina, msusi, alikuja kuazima chekeche, akampa pole ya safari, akauliza hizo nywele kafanya nani, maana si za hapa.

Mbuke hakujibu. Mdomo wake ulikuwa kijistari. Salome akaeleza kwamba ubavuni mdomo ndivyo ulivyo, hauwezi kusema wala jicho haliwezi kukuona; inatakiwa robo tatu, uso umegeuka kidogo, mdomo wazi. Na jicho la mbali lazima liwe jembamba kuliko la karibu.

Hilo jicho la mbali lilimtesa Makoye siku nne. Alikosea likawa kubwa mno, na kule nyumbani jicho la Mbuke likahamia karibu na sikio. Mbuke akaendelea kukata viazi kwa uvumilivu. Salome akaenda kumwambia baba ajitahidi, mama anakata bila kuona kisu. Makoye akafuta rangi kwa tina, akachora upya, akafuta. Siku ya nne saa sita mchana jicho likakaa. Aliteremka ngazi bila kufunga makopo, akaenda nyumbani.

Mbuke aligeuza shingo akamtazama.

"Umekonda, Baba Salome," alisema. "Na hilo shati sijui unalifulia nini."

Makoye akakaa chini palepale kwenye maganda. Akacheka mpaka kuku wakahama. Akala viazi vya kuchemsha sufuria nzima. Kisha akalala mchana ule, mlango wazi, na Mbuke akamfukuzia nzi.

Alipoamka akamuuliza yuko wapi hasa. Mbuke akasema yuko kulekule, shimo namba saba, upande wa kinu cha kusagia mawe, chini ya mbao mbili zilizopishana. Hakukuwa mbali. Alitaka kuzikwa mahali pakavu, karibu na watu. Makoye akasema basi twende ofisini ukawaambie kwa mdomo wako, mimi hawanisikii.

Wakajaribu kutoka. Mbuke alifika mlangoni, na kila alipotaka kuwapa mgongo alijikuta anawatazama. Hakuwa na nyuma. Mtu asiye na kisogo hawezi kuondoka mahali.

Hapo Makoye akakwama. Miaka kumi na sita ya ndoa, kwenye baiskeli Mbuke alikaa nyuma yake, njiani alitembea nyuma yake, kanisani wanawake walikaa upande wao. Kisogo cha mke wake hakuwa amewahi kukitazama. Kwa hili hakuweza kumlaumu kiongozi yeyote, ingawa alijaribu.

Aliyekijua ni Paskalina. Jumapili ile kabla ya kifusi alikuwa amemsuka twende kilioni, mistari tisa inayokwenda nyuma, ya harakaharaka. Akakaa chini ya ngazi, akamwelekeza Makoye mstari kwa mstari. Wa tatu kutoka kushoto ulipinda, kwa sababu Mbuke alicheka akatingisha kichwa. "Alikuwa anacheka habari zako, shemeji," Paskalina alisema. "Usiniulize zipi." Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na kovu dogo la kuungua. Makoye akachora yote. Nasibu akalalamika kwamba Mjapani gani anasuka twende kilioni, ila wateja wa kike walianza kuulizia siku hiyohiyo.

Kesho yake nywele za Mbuke zilikuwa nyeusi, mistari tisa, na katikati ya mistari vumbi jeupe la mawe. Alitoka mlangoni bila shida. Yeye ndiye aliyetangulia. Makoye akafuata nyuma, kilima chote, anatazama ule mstari uliopinda, na hakuona njia ilivyo ndefu.

Ofisini karani, kijana aitwaye Ignas, alisimama akaamkia, akamletea mama kiti. Magesa akaitwa. Akamsikiliza Mbuke mpaka mwisho, habari ya kinu na ya mbao mbili, akaonekana mtu aliyetua mzigo.

"Mzee Makoye, si huyu hapa?" alisema. "Sasa tuchimbe tumtafute nani?"

Makoye akasema huyu ni yule wa chini. Magesa akasema ofisi haiwezi kumfukua mtu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi. Akamwagiza Ignas aandike kwamba mhusika amefika mwenyewe, na shauri limefungwa.

"Nilikuwa naisikia ile mashine," Mbuke alisema. Hakupandisha sauti. "Jumatano ilifika karibu kabisa, mchanga ukawa unanidondokea usoni. Nikagonga ubao kwa nyundo. Halafu ikazimwa."

Ignas aliacha kuandika. Magesa akakumbuka kikao, akatoka.

Mwezi wa nane shimo namba saba lilisawazishwa, wakajenga juu yake kibanda cha waendesha pikipiki. Makoye hupita hapo akatema mate. Nyumbani hana neno. Amenenepa, na Mbuke humgeukia pande zote, hata ule wa kutazama juu, ambao Salome alisema ndio mgumu kuliko yote. Michembe imejaa magunia mawili.

Kila Jumatano Mbuke huvaa khanga safi, hutangulia njiani mpaka ofisini. Ignas humwamkia, humpa kiti, huandika swali lake daftarini chini ya lile la wiki iliyopita, kwa mwandiko mzuri, na mbele yake huacha nafasi ya jibu. Swali ni lilelile moja: nani alisema mashine izimwe?