Alimwendea Nani

Kama kuna mtu aliyejua kushangaa, basi ni Shangazi. Mzazi akiingia asubuhi mbio mbio, kamba za viatu hazijafungwa, akapaza sauti, "Shangazi, jana katembea! Katembea kabisa!", yeye huacha kila alichoshika, hujipiga viganja mashavuni na kusema, "Weee! Acha masihara!" Kisha humwinua mtoto juu na kumwuliza, "Ni wewe kweli, au wamenibadilishia?" Mzazi hucheka mpaka machozi yamtoke. Mtoto naye humtazama Shangazi bila kuelewa kelele zote hizo ni za nini, maana alikuwa anatembea sebuleni kwa huyo huyo Shangazi tangu Jumatatu.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mlezi wa watoto wadogo, katika nyumba ya ghorofa ya chini, sebule, chumba na jiko. Wazazi wakienda kazini humwachia watoto, jioni huja kuwachukua. Watoto sita, siku nyingine saba. Nyie mnaosema kulea ni kazi ya kukaa, hebu kaeni nao asubuhi moja tu, halafu mje tuzungumze. Yeye mwenyewe hakujaliwa kupata mtoto. Mume aliondoka zamani, "alikwenda kutafuta pa kuitwa baba", kama alivyozoea kusema kwa kicheko kabla watu hawajamsemea.

Ile sheria yake ya kunyamaza ilianza mwaka wa kwanza wa kazi. Siku hiyo alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hana breki mdomoni. Mama mmoja, karani wa benki, alipofika jioni, Shangazi akamwambia, "Leo binti yako katembea!" Yule mama hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni na mkoba wake mapajani, akalia kama aliyefiwa. "Hata hilo nimelikosa," alisema. Tangu siku hiyo Shangazi akaapa: jino la kwanza, neno la kwanza, hatua ya kwanza, vyote ni vya mzazi. Yeye akiona, ameona na macho yake tu. Atakachofanya ni kudokeza. "Naona miguu inamwasha wiki hii. Mtazameni." Wakimtazama wanaona, na kesho yake wanamletea habari, naye anashangaa.

Miaka kumi na moja alishangaa hivyo, na hakuna aliyemgundua. Siri za watoto wa mtaa mzima alikuwa nazo, na hakuna hata moja ambayo angeweza kumsimulia mtu. Jioni mlango ukishafungwa, mikeka ikishakunjwa, nyumba inabaki na harufu ya maziwa na yeye peke yake. Alikuwa mpweke, tusizunguke mbuyu. Watu waliomwita Shangazi walikuwa wengi, lakini wa kumwuliza "umeshindaje" hakuwapo.

Sasa ndipo akaja Meneja.

Jina hilo alimpa Shangazi mwenyewe, kwa sababu mtoto alikaa mkekani tumbo mbele, akanyoosha kidole, akaguna, na kitu kikaletwa. Asipoletewa, aliguna mara ya pili kwa sauti ya mtu anayekaribia kukufukuza kazi. Mwenda pole hajikwai, wanasema, lakini huyu hakwenda kabisa. Wenzake wa rika lake walikuwa wanakimbia na kugonga milango, yeye mwaka na miezi minne amekalia kitako. Mama yake, ambaye mtaa mzima sasa walimwita Mama Meneja, alishona sare za shule kiwandani, saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani alionekana mara moja kwa miezi miwili.

Jumanne moja ya mvua, kama saa tano asubuhi, watoto wengine walikuwa wamelala. Shangazi alikuwa ameinama kwenye beseni anafua nepi. Akahisi kimya, na mlezi anaogopa kimya kuliko kelele. Kugeuka hivi, Meneja kasimama, kashika stuli. Akaiachia. Akaja, mikono juu, tumbo likimtangulia, hatua moja, mbili, mpaka akamwangukia magotini na kulishika gauni kwa mikono yote miwili. Akacheka kwa ile sauti yake nene.

Shangazi akapiga makofi. Yalisikika makubwa mno sebuleni mle, akayaacha. Alitazama mlangoni, akatazama dirishani. Hakukuwa na wa kumwita. Alimkumbatia mtoto na kusema, "Umekuja kwangu, Meneja? Katika watu wote, umekuja kwangu?" Kisha akaogopa maneno yake mwenyewe, akarudi kufua.

Jioni akadokeza kama kawaida. "Mama Meneja, miguu inamwasha huyu. Mtazame."

"Wala! Nikimshusha tu analia."

Ungemshusha wapi, mama wee? Alimpokea mlangoni, akamfunga mgongoni, akaenda naye hivyo hivyo mpaka nyumbani. Alipika naye mgongoni, akafua naye mgongoni, mpaka usingizi ukamchukua mtoto hukohuko. "Nimemkosa kutwa nzima, Shangazi," alisema. "Acha nimbebe." Utamlaumu? Mimi siwezi. Lakini miguu ya mtoto haikugusa sakafu ya kwao.

Wiki ya kwanza Shangazi akasema, kesho ataiona. Wiki ya pili akasema, Jumapili atakuwa nyumbani, ataiona. Wiki ya tatu Mama Meneja akaomba ruhusa kazini, akampeleka mtoto hospitali. Daktari alimpima, akasema hana tatizo, wasubiri mwezi mmoja zaidi.

"Daktari anataka nisubiri," Mama Meneja alisema aliporudi, macho yamemvimba. "Mama mkwe wangu hasubiri."

Hapo Shangazi alitakiwa aseme. Maneno yalimfika ulimini, akayameza. Angeanzaje? Siku ya kwanza ingekuwa habari njema, sasa imekuwa kosa. Akasema tu, "Usijali, mwenzangu, atatembea," na usiku hakupata usingizi.

Ijumaa jioni ya wiki ya nne Mama Meneja alikuja na mfuko mtupu, wa kuwekea nguo na kikombe cha mtoto.

"Leo ni mwisho, Shangazi. Bibi yake anafika jioni hii, Jumatatu anaondoka naye kwenda kumlea kwake. Anasema mtoto mzima hawezi kufika umri huu hatembei, ni kwa sababu hana mtu wa kumwangalia. Na baba yake ameshakubali kwa simu." Alianza kukunja nguo. "Sina la kumjibu. Ningekuwa na hatua moja tu ya kumwonyesha, ningekuwa na la kusema."

Shangazi akapiga moyo konde. "Anatembea," alisema.

"Nani?"

"Meneja. Anatembea hapa kwangu. Wiki ya nne sasa."

Mama Meneja aliendelea kukunja shati lile lile, akalikunjua, akalikunja tena. Shangazi akamweleza yote: yule karani wa benki, ngazi ya mlangoni, ile sheria, ile Jumanne ya mvua. Alieleza haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu kabla hajaonekana.

"Nilimpeleka hospitali," Mama Meneja alisema. "Nilimshika mikono mbele ya daktari kama mwizi. Na wewe unajua?"

"Nilijua. Nisamehe, mwenzangu. Nilitaka uione mwenyewe."

Mama Meneja akaliweka shati mkekani.

"Ulimpigia makofi?"

"Nilipiga."

"Vizuri. Angalau mtu alimpigia." Akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka. Mfuko aliuacha palepale.

Ah, mchelea mwana kulia hulia yeye. Shangazi alikuwa amechelea wa wenzake miaka yote hiyo, na siku ile alilia mwenyewe, amekaa mkekani katikati ya midoli ya watu.

Jumamosi asubuhi mlango ukagongwa. Mbele alisimama mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa, nyuma yake Mama Meneja na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Mama," Shangazi alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye Shangazi? Nimeambiwa mjukuu wangu anatembea humu ndani. Nimekuja kutazama, maana nyumbani tangu jana amekaa kama mgeni rasmi."

"Karibuni. Mshusheni tu."

Mama Meneja akamshusha. Meneja akatazama kulia, akatazama kushoto, akaliona kopo la vifuniko kwenye kona. Akalifuata, tumbo mbele, bila wasiwasi, kama vile hajawahi kumnyima mtu usingizi. Mama yake akaweka mkono mdomoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona, na hakuweza hata kupiga kelele, kwa sababu bibi alikuwa anamtazama yeye, si mtoto.

"Haya, anatembea," bibi alisema. "Nimeona. Sasa niambieni jambo moja. Siku ya kwanza alimwendea nani?"

Akamtazama mkwewe, akamtazama Shangazi.

"Maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kama hatua ya kwanza mtoto kamwendea mlezi wa kulipwa, basi huyu hana mama wa kumrudia, na mimi namchukua. Nitamwambia mwanangu nini? Kwamba mtoto wake anajifunza kutembea kwa watu?"

Shangazi alimtazama Mama Meneja. Alimwona anafungua kinywa, na akajua anakwenda kusema ukweli. Hakuwa mwanamke wa uongo yule, masikini.

"Alimwendea mama yake," Shangazi akawahi.

"Mama yake nani?"

"Huyu hapa. Jumanne moja ya mvua, jioni, amekuja kumchukua. Kasimama pale mlangoni, gauni limelowa. Mtoto alikuwa ameshika stuli hii. Kumwona tu, akaiachia, akamfuata, akamshika gauni kwa mikono miwili. Akacheka. Si unajua anavyocheka? Kama mzee." Akaisogeza ile stuli kando. "Mama yake akampigia makofi."

Alieleza kila kitu kama kilivyokuwa, ila aliigeuza asubuhi kuwa jioni, akajitoa yeye na kumweka mwingine mahali pake. Kila neno alilolitoa alilisikia likimtoka, na alijua halirudi.

Bibi alitafakari. "Na mbona nyumbani hatembei, na mimi sikuambiwa?"

"Atatembea na nini, Mama, naye miguu iko hewani? Mkweo hamshushi. Anapika naye, anafua naye. Angekuambiaje, na kwake hana hatua ya kukuonyesha? Mwambie amweke chini."

Bibi akamgeukia mkwewe, akavitazama vile vitambaa vya kumbebea mtoto, na kwa mara ya kwanza uso ukalegea. "Hata mimi baba yake nilimbeba hivyo hivyo," alisema. "Mpaka mama yangu akanifokea." Akakaa kwenye stuli, akaomba maji ya kunywa. Mambo yakaishia hapo. Mama Meneja aliinama muda mrefu akimfunga mtoto kamba za viatu, na hakuinua uso.

Walipoondoka Shangazi akafagia sebule ambayo ilikuwa safi. Akajaribu kuikumbuka ile Jumanne, ajiliwaze. Alikumbuka mvua, alikumbuka stuli, alikumbuka kile kicheko. Lakini kila mara mtoto alipokaribia kufika, alimkuta mwanamke mwingine amesimama kumpokea.

Jumatatu Meneja akarudi, safari hii kwa miguu yake, ameshikwa mkono. Bibi alikuwa amepanda basi peke yake. Mama Meneja alisema, "Asante, Shangazi," akachelewa kidogo kama mwenye neno jingine, kisha king'ora cha kiwanda kikalia akakimbia. Shangazi akangoja neno hilo siku nyingi. Halikuja, naye hakuliuliza.

Miezi mitatu baadaye, jioni, alikuja mzazi mpya na mtoto wa miezi kumi. Alikuwa dereva wa teksi, msichana tu, na hofu ilimjaa machoni. Aliuliza kuhusu maziwa, akauliza kuhusu usingizi, halafu akauliza lile ambalo wote huuliza mwishoni.

"Na akianza kutembea nikiwa kazini, je? Si nitakosa?"

Mama Meneja alikuwa amefika kumchukua mwanawe. Akacheka, akamshika yule msichana bega. "Usiogope, mdogo wangu. Mimi natoka kazini saa kumi na mbili, na hatua ya kwanza ya mwanangu niliiona kwa macho haya. Nilikuwa nimesimama papa hapa. Mvua hiyo! Mtoto akanitazama, akaja. Alinijia mimi! Mpaka leo nikikumbuka mwili unasisimka." Macho yalimng'aa. Hakukuwa na uongo ndani yake hata kidogo, alikuwa anaikumbuka kweli. "Muulize Shangazi. Au siyo, Shangazi? Si ulikuwepo?"

Wote wawili wakamgeukia. Yule msichana alikuwa anangoja, amemkumbatia mwanawe, anataka sana iwe kweli.

"Mimi nilikuwa jikoni," Shangazi alisema. "Sikuona."