Sufuria za Bi Mwanarehema

"Mlango wa kunifungia mimi haujachongwa bado!" Stambuli alipenda kujigamba barazani kwao Likoni, na hakuna aliyembishia. Ulimi wake ulishamtoa kwa walimu, kwa mashemeji, hata kwa askari wa kivukoni.

Basi mwaka ule wa tisini na moja, kampuni kubwa ya bara ilipewa kazi ya kujenga vituo vya mabasi kwenye barabara ya kivukoni. Sharti lilikuwa kwamba sehemu ya kazi wapewe wenyeji wanyonge, wenye vikampuni vyao vidogo. Kampuni ikaahidi. Kisha msimamizi wake, Phineas, akaona mwenyeji mwenye kazi atamsumbua. Akatafuta mwenyeji wa jina tu. Jana Stambuli hana hata nyundo, leo yeye ni "Stambuli na Wenzake, Wajenzi". Mafundi wa Phineas, mchanga wa Phineas, hata kofia ngumu ya Phineas, nayo ilimpwaya mpaka kwenye nyusi.

Mwanzo alitamba. Lakini waashi wa mtaani, watu wanaoijua kazi na hawana kazi, wakaanza kumbishia hodi asubuhi na jioni: "Bosi, tuandike basi!" Akawa anatokea mlango wa uani kama mwizi ndani ya nyumba ya mamake. Mwisho akamwendea Phineas.

"Bwana, lifute jina langu. Nimechoka."

"Utoke uende wapi? Sahihi ni yako. Mambo yakifumuka, watakaofungwa ni Stambuli na Wenzake." Phineas akacheka. "Na wenzako huna."

Usiku wa kuamkia ukaguzi Stambuli hakulala vizuri, lakini alikuwa na majibu yote; Phineas alimkaririsha kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mkaguzi, Bwana Mwarandu, mtu wa Kilifi, aliuliza habari za saruji, akajibiwa. Za mishahara, akajibiwa. Nyuma yao mafundi walikuwa wamemzunguka Bi Mwanarehema na beseni lake la mahamri. Huyu ni jirani yake Stambuli, na ndiye mtunza sufuria za shughuli. Iwe harusi, iwe hitima, hapapikwi kitu mtaani bila kwenda kuziazima kwake.

"Na kafara?" Mwarandu akauliza. "Sisi watu wa Pwani hatuchimbi msingi hivi hivi. Mlichinja?"

Phineas akakodoa macho. Hilo hakulikaririsha, maana hakulijua. Stambuli akahisi ukuta mgongoni, na ulimi, kama kawaida yake, ukaruka wenyewe.

"Wallahi tulichinja! Mabeberu wazima wazima! Nikapika pilau, mtaa wote ukala, wengine wakafungiwa wakaenda nayo nyumbani."

Mwarandu akatabasamu. "Hapo umenipoza moyo. Mwenye kazi ndiye mwenye kuchinja."

Stambuli akashusha pumzi. Kumbe Bi Mwanarehema ameshaliacha beseni lake, anakuja.

"Stambuli, mwanangu."

"Labeka, bibi."

"Hiyo pilau ya mtaa wote, uliipika kwa sufuria za nani? Zangu ziko uvunguni tangu harusi ya Barke mwaka jana, na funguo za chumba ninalala nazo."

Hakuwa akimkomoa, masikini. Alidhani kuna mwanamke mwingine anayeazimisha sufuria Likoni, na roho ilimuuma.

Stambuli akafungua kinywa. Ulimi ulikuwemo, lakini haukwenda popote. Kofia ikamteremka, ikamfunika macho, naye hakuipandisha.