Mwalimu Thadeus Amekuja Leo

Wino ulikuwa bado umekaa chini ya kucha zake, mweusi kwenye kidole cha shahada na wa bluu kwenye gumba. Mektrida alikuwa ameusugua kwa limao, akausugua kwa jivu, na asubuhi ile alipomenya ndizi za mume wake utomvu ukaongeza madoa mengine juu ya yale. Sasa alikuwa ameficha mikono chini ya kaunta ya maktaba, anasikiliza sauti za wanaume ofisini.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Bwana Jacob, mkuu wa maktaba, alikuwa amebandika karatasi pale baada ya wadhamini kuingia: LEO HAKUNA HUDUMA, TUNAHESABU VITABU. Hakuna aliyekuwa akihesabu kitabu. Wadhamini walikuwa wamekuja kuona kama ukumbi wa kusomea una watu, na ukumbi ulionekana kama ulivyotakiwa uonekane, viti arobaini vyote vimesukumwa chini ya meza, magazeti yananing'inia kwenye fimbo zake bila mkunjo. Nje kwenye ngazi wanafunzi wa sekondari walikaa na madaftari magotini, wakidhani hesabu itaisha.

Mpangaji alikuwa ameshapatikana, mtu wa kuuza friji na redio. Kilichobaki ni hati ya zamani, ile iliyoandikwa mwaka maktaba ilipojengwa, wakati kila chama cha msingi cha wakulima huko mlimani kilipoteremsha gunia la kahawa, na wenye maduka wa Kihindi mjini wakatoa mabati, saruji na mbao za rafu. Hati ilisema ukumbi haupangishwi maadamu unapata wasomaji kumi kwa siku.

Ndiyo sababu Bwana Jacob alimletea Mektrida daftari jipya la wasomaji, tupu, alijaze upya tangu Januari, akamfungia stoo siku tisa na kalamu nne. La zamani alilichukua mwenyewe, akasema limeliwa na mchwa. Wasomaji sitini wa kila siku wakawa saba. Kwanza Mektrida aliwaacha nje wanafunzi, maana walikuwa wengi na miandiko yao ilifanana. Kisha wapagazi wa Marangu waliokuja kujifunza Kiingereza cha kusemeshana na wageni. Kisha mkulima wa Chekereni, aliyekuja na mdudu wa mpunga ndani ya kiberiti ili amlinganishe na picha. Huyo alimsumbua kidogo. Akamwacha nje naye.

Bwana Jacob alimwambia awaweke wale ambao wadhamini wanawafahamu, na wa kwanza kumjia kichwani alikuwa Mwalimu Thadeus wa Kibosho, mstaafu aliyeteremka kwa miguu kila siku ya kazi tangu maktaba ilipofunguliwa. Saini yake aliijua kama sauti ya mlango wake mwenyewe, ile T yenye mkia unaopita chini ya jina lote na kurudi. Ni kweli tangu masika yaanze hakumwona. Alidhani ni miguu inamsumbua. Akamtia saini kila siku, Januari mpaka Juni.

Kukataa hakukuwezekana, au yeye hakuona namna. Mwaka uliopita orodha ya wanaopunguzwa kazi ilibandikwa ukutani, na jina la Ndelilio, mshona vitabu, lilikuwa la pili. Ndelilio alipewa wiki mbili kuhama chumba cha uani. Chumba kilichofuata ni cha Mektrida, na mle alilala mume wake, ambaye tangu alipoangukiwa na magunia ya kahawa kwenye lori hakuweza hata kugeuka bila kushikwa.

Mlango wa nyuma uligongwa taratibu. Aliyeingia alikuwa Victoria, binti wa Mwalimu Thadeus, kajifunga kitenge cheusi, na kwapani kabana kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Shikamoo, mae," alisema, kama watu wa mlimani wanavyomwita mama.

Mektrida aliitika, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba leo wamefunga. Victoria akasema hakai, amekuja kurudisha kitabu cha baba. Akakifungua juu ya kaunta. Kilikuwa cha ufugaji wa nyuki. Kimechelewa, alisema, naye aliona aibu, lakini hawakukiona mpaka walipofagia chumba baada ya arobaini.

"Arobaini ya nani?"

"Ya baba, mae. Tulimzika Machi, ile wiki ya mvua kubwa. Kumbe hamkupata habari?"

Mektrida aliona kurasa za daftari zikijifunua zenyewe huko ofisini, Aprili, Mei, Juni, na ule mkia ukipita chini ya jina kila siku. Pasaka na sikukuu nyingine peke yake ndizo marehemu hakuja, kwa sababu maktaba ilifungwa. Alishika ukingo wa kaunta, na madoa ya vidole vyake yakatoka nje yote.

Ndipo ofisini ikasikika sauti ya mzee Hasmukh, mwenye duka la vitambaa, yule ambaye marehemu baba yake ndiye aliyetoa mbao za rafu. Wenzake walikuwa wameshasaini hati mpya ya kuupangisha ukumbi, ilibaki yeye. Alisema anaona jina la Thadeus kila ukurasa. Thadeus ndiye aliyemfundisha kusoma Kiswahili, kwenye ukumbi huu huu, na hawezi kuufunga bila kumwuliza.

"Leo amekuja?"

"Amekuja, mzee," Bwana Jacob alijibu. "Ametoka sasa hivi. Na nimemweleza, hana neno."

"Nionyeshe alipoandika."

Bwana Jacob alisema karatasi ya leo iko kaunta, anaileta. Akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake polepole, mpaka kitasa kikalia. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Wanawake wote pale kazini aliwaita Mama.

"Mama, mwandike Mwalimu. Saa mbili na nusu."

"Bwana Jacob, Mwalimu amefariki."

Bwana Jacob alimtazama Victoria, akatazama kile kitenge, akatazama kitabu.

"Lini?"

"Machi."

"Na yule anayekuja kila siku humo ndani ya daftari, ni mwandiko wa nani?"

"Ulinituma wewe."

"Nilikutuma kwa barua?"

Mektrida alirudisha vidole chini ya kaunta.

"Mimi nikiulizwa, nililetewa daftari nikalipokea. Wewe ukiulizwa utasema unamtilia saini marehemu. Hilo si la maktaba tena, Mama, ni la polisi." Akateremsha sauti zaidi. "Na mzee wako kule uani, nani atamgeuza?"

Hilo la mwisho alilisema kwa upole, kama anayeuliza hali ya mgonjwa.

Mektrida alivuta karatasi ya leo. Kati ya zile kalamu nne alichagua ya wino mweusi. Jina, Kibosho, saa mbili na nusu. Kwa siku tisa mkono ulikuwa umeshazoea. Ulipofika kwenye saini ulikwenda wenyewe, ukapitisha mkia chini ya jina lote na kuurudisha. Victoria alikuwa ameinama juu ya kaunta. Aliuona unavyochorwa. Mektrida akamshika kifundo cha mkono, akakibana mpaka doa la wino likahamia kwenye ngozi ya yule binti.

Mzee Hasmukh hakungoja kuletewa. Alitoka na fimbo yake, miwani juu ya paji la uso. Victoria alimwamkia, naye akaitikia bila kumtambua. Akaiinamia karatasi.

"Mama Mektrida, miaka yote hii hujanidanganya. Amekuja?"

"Amekuja, mzee."

"Na miguu yake?"

"Siku hizi halalamiki."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema kama Thadeus hana neno, yeye ni nani. Akatoa kalamu yake mwenyewe, akasaini ile hati ya kupangisha, aliyotoka nayo, pale pale kaunta, akaomba wamsalimie Mwalimu kesho. Bwana Jacob akampeleka mpaka mlango wa mbele akimshika kiwiko. Ulipofunguliwa, wanafunzi walisimama wote na kukung'uta sketi na suruali zao. Waliambiwa wangoje, watatangaziwa. Mlango ukafungwa tena.

Victoria alikuwa hajaondoka. Mkono wake aliutoa taratibu kwenye vidole vya Mektrida. Alikisukuma kile kitabu mpaka kikagusa karatasi ya leo.

"Basi, mae, naomba andika kwamba amekirudisha mwenyewe."

Mektrida alidhani ni tusi, akainua macho, hakuona tusi. Aliona mtu anayengoja huduma. Kadi ya kitabu ilikuwa kwenye mfuko wake ndani ya jalada, na upande wa kulia, chini ya neno AMERUDISHA, palikuwa na nafasi ya tarehe na nafasi ya saini ya msomaji. Alizungusha muhuri mpaka Juni, akapiga tarehe. Dirishani wanafunzi walikuwa wameweka nyuso kwenye kioo, wakimtazama kama ameanza kufungua.

Akaichukua tena ile kalamu ya wino mweusi.